Kioo Kisichoshika Vumbi

Vioo vilikuwa kumi na viwili. Inspekta Careen Mgonja alivihesabu kwa macho, akavirudia kwa kidole, kisha akamgeukia mtu aliyepiga simu kituoni Same asubuhi hiyo kuripoti kwamba kimoja kimeibwa.

"Daktari, mbona vyote vipo?"

"Vipo," alikubali Dakta Humphrey. "Lakini kimoja si changu."

Careen alishapeleleza wizi wa mbuzi, wa nyaya za umeme, hata wa kengele ya kanisa. Mwizi anayechukua kitu na kuacha kingine mahali pake alikuwa hajakutana naye, na kusema kweli jambo hilo lilimfurahisha. Alikuwa mwanamke wa arobaini na kitu, mnene kiasi, mwepesi wa kucheka. Wenzake walisema anaipenda kazi yake kupita kiasi, naye hakuwahi kubisha.

Walikuwa Makanya, kwenye uwanja wa mtambo wa maji wa kijiji, si mbali na reli. Malori ya jasi yalipita barabarani yakiacha vumbi jeupe lililotua kila mahali: kwenye mapaa, kwenye nguo zilizoanikwa, kwenye kofia ya Koplo Yahaya aliyekuwa ameing'arisha asubuhi. Vioo tu ndivyo vilivyokuwa safi.

Mtambo wenyewe haukuwa na makuu. Ilikuwa meza ya chuma iliyoinama kidogo, juu yake vioo vimepangwa kama vigae, na maji ya kisima yakiteremka juu yake kwa utando mwembamba kabla ya kuingia tangini. Dakta Humphrey, mtafiti aliyeujenga, alieleza kwamba kazi yote inafanywa na kitu kisichoonekana. Kila kioo kimepakwa upande mmoja chembe za oksidi ya titani, ndogo kiasi kwamba maelfu yake yanaenea kwenye upana wa unywele. Ndani ya jua mna mwanga ambao jicho haliuoni, urujuanimno, ule ule unaobabua ngozi. Mwanga huo ukizipiga chembe, zinaamka na kuanza kuvunjavunja uchafu unaozigusa: vijidudu, mafuta, harufu, hata rangi ya nguo. Jua likizama, nazo zinalala.

Yahaya alimnong'oneza bosi wake kwamba hapo yeye ameelewa neno jua tu.

Mwisho wa meza kulikuwa na kihisi, kidude cha kutosha kiganjani, chenye chembe za oksidi ya zinki na taa yake ndogo ya urujuanimno. Chembe hizo zikiangazwa, umeme unaopita ndani yake hubadilika kadiri maji yalivyo machafu. Humphrey alikuja kutoka Arusha mara moja kwa mwezi kuchukua vipimo. Safari hii alikuta uchafu ulipanda ghafla Jumamosi moja ya mwezi uliopita na haukushuka tena. Akafunga bomba la kuchotea maji, akapiga simu polisi.

"Na kioo kipi si chako?"

"Ngoja kikauke nikuonyeshe."

Alisimamisha maji, jua la Makanya likafanya kazi yake mara moja. Kisha akachovya vidole kwenye kikombe na kurushia matone kioo cha kwanza. Matone hayakukaa. Yalitandaa, yakaungana, yakateremka na vumbi lote. Cha pili vivyo hivyo, na cha tatu. Lakini alipofika kwenye kioo cha kona ya chini, matone yalisimama juu yake yamejiviringa kama punje za mtama.

"Kioo chenye chembe zilizopigwa jua hakiachi tone lisimame," alisema Humphrey. "Hiki ni kioo cha kawaida."

Yahaya aliuliza habari za alama za vidole. Humphrey akamwambia kwenye vioo vyake hazidumu, kwa sababu mafuta ya vidole nayo huliwa. Careen aliinama, akapitisha kurunzi pembezoni mwa kile kioo kigeni. Kilikuwa kimepachikwa kwa puti mpya, ule udongo laini wa kushikizia vioo, kwa ustadi na bila haraka, na kwenye kona moja mtu alikuwa ameikandamiza puti kwa dole gumba. Alama ilikuwa pana na nzima. Yahaya aliipiga picha, akaibandua puti ile kwa kisu, akaitia kwenye mfuko wa vielelezo.

Basi likabaki suala la ufunguo.

Uwanja ulikuwa umezungushiwa waya, geti lilikuwa na kufuli moja, na kufuli lilikuwa na ufunguo mmoja unaoning'inia shingoni kwa Rahabu Mbwambo, mtunza mtambo. Rahabu alikuwa mama wa watoto wawili anayewalea peke yake. Alisimama kando ameshika mikono yake, huku nje ya waya watu wakiwa wamekusanyika na ndoo tupu. Tangu bomba lifungwe walikuwa wamemshambulia kwa maneno. Kwamba amekiuza kioo. Kwamba ndiyo maana mwanawe ana viatu vipya. Mwenyekiti wa kamati ya maji alikuwa ameshasema: mwizi asipopatikana kabla ya Jumapili, Rahabu atarudisha ufunguo na kwenda kujieleza mahakamani.

Careen alimketisha kivulini.

"Ufunguo umewahi kumwachia mtu?"

"Hapana, afande."

"Hata mara moja?"

"Nalala nao. Naoga nao."

"Geti limewahi kukaa wazi wewe ukiwa hupo?"

Rahabu alifikiri. "Siku ya msaragambo. Ilikuwa Jumamosi."

Jumamosi ile ile ya kihisi. Siku hiyo, kama ilivyo desturi ya Wapare toka mababu, kila nyumba ilitoa mtu wa kazi ya pamoja. Walizibua mfereji, wakafyeka uwanja, wakasugua tangi. Rahabu aliwafungulia geti, akaenda kuwapikia makande.

"Waliingia watu gani?"

"Kijiji kizima, afande."

Careen alicheka, ikabidi na Rahabu atabasamu kidogo, kwa mara ya kwanza siku hiyo. Dole gumba lake lilipopakwa wino na kupigwa kwenye karatasi halikufanana na lile la kwenye puti. Lilikuwa nusu yake. Lakini mwenyekiti alisema hiyo haimwokoi, kwani angeweza kumfungulia mwanamume akafanya kazi hiyo. Careen alimchukia kidogo kwa kusema hivyo, na alimchukia zaidi kwa sababu alikuwa sahihi.

Kile kioo kigeni kilifungwa kwenye kanga, kikapelekwa mjini Same kwa Loth, muuza vioo ambaye nusu ya madirisha ya wilaya yalipitia mikononi mwake. Loth alikigonga kwa kucha, akakitazama kwa ubavu palipo na ukijani.

"Milimita tano," alisema. "Kwenye madirisha hawaweki hii, ni ghali. Mwaka huu nimemuuzia mtu mmoja tu. Mzee Gideoni wa Mamba, wa tangawizi."

Wakapanda mlimani hadi Mamba. Careen alizaliwa milimani, na kila gari lilipoanza kukata kona na hewa ikaanza kupoa, alijisikia kama amepewa likizo ya bure. Yahaya, mtu wa Kigoma, alifunga dirisha na kuuliza watu wa huku wanawezaje kuoga. Kwenye vilima akina mama walikuwa wakipalilia tangawizi, na bodaboda ziliteremka na magunia yaliyonukia mpaka ndani ya gari.

Mzee Gideoni walimkuta nyuma ya nyumba yake, kando ya kaushio alilolijenga mwenyewe: sanduku refu la mbao, tangawizi iliyokatwakatwa ndani, vioo juu.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu. Polisi wamekuja kununua tangawizi?"

Careen aliomba maji kwenye bakuli. Alirushia matone kioo kimoja baada ya kingine, na kote yalisimama kama punje za mtama. Mzee alimtazama kwa subira, kisha akauliza kwa upole kama siku hizi serikali imeanza kuwaoshea wananchi vioo. Yahaya alilazimika kugeuka pembeni.

Mkewe alileta chai ya tangawizi, kali kweli kweli, na Careen akanywa kikombe cha kwanza bila kuuliza lolote kwa sababu ilistahili. Kwenye cha pili akauliza.

"Vioo ulivyonunua vilikutosha?"

"Vilizidi. Kimoja kilibaki."

"Kiko wapi?"

"Nilimpa mpwa wangu, Tumainieli wa Makanya. Alikuja na kamba ina mafundo, hapa urefu, hapa upana. Nikakikata kwa kipimo cha kamba yake."

"Alisema ni cha nini?"

Mzee aliweka kikombe chini. "Cha kaburi la dada yangu Ernesta. Mama yake."

Akaeleza, bila kuulizwa, jinsi anavyojivunia kijana huyo, ingawa kijana mwenyewe alikuwa karibu kufika hamsini. Ni kitinda mimba. Wakubwa zake wako Dar na Mwanza, yeye ndiye aliyebaki na nyumba na makaburi ya wazazi, kama mila inavyotaka, na hajawahi kulalamika. Careen alimsikiliza huku chai ikimpoa mkononi. Kwa mara ya kwanza katika kesi hii alitamani awe amekosea.

Walifika Makanya na Dakta Humphrey kesho yake. Tumainieli alikuwa nyumbani. Siku nyingi za juma huwa kwenye bwawa la Nyumba ya Mungu akinunua samaki wa kuuza. Alikuwa mtu mkubwa, mpole, mwenye vidole vinene. Careen aliviona vidole hivyo wakati wa kusalimiana.

Aliwapeleka nyuma ya nyumba. Makaburi yalikuwa mawili, yamejengewa vigae, na kila moja lilikuwa na picha ya marehemu ndani ya fremu ya alumini. Picha ya mama ilikuwa chini ya kioo kikubwa kilichochukua karibu kichwa chote cha kaburi.

"Hicho ndicho alichokupa mjomba wako?"

"Ndicho, afande."

Careen aliomba maji, akakimwagia kioo. Matone yalisimama, yote, yamejiviringa vizuri. Yahaya alifunga kalamu yake. Kioo cha kawaida. Kioo cha mjomba, basi, na safari yao ya Mamba imekwenda bure.

Lakini Tumainieli alikuwa amesimama kwa utulivu mno, kama mtu anayesubiri kuchomwa sindano. Careen hakuondoka. Alitazama picha ya baba, kisha ya mama, kisha akarudi kwa baba.

"Baba alifariki lini?"

"Nikiwa darasa la saba."

"Na mama?"

"Mwaka jana."

"Mbona mama amefifia kuliko baba?"

Ilikuwa kweli. Baba, chini ya kioo chake kidogo cha zamani chenye vumbi, bado alikuwa na tai nyekundu. Mama alikuwa karibu kuwa karatasi nyeupe. Kitenge chake kilikuwa kivuli, uso wake ulikuwa macho mawili na alama ya mdomo. Ni pembeni tu, pale fremu ilipoukinga mwanga, ndipo palipobaki utepe mwembamba wa rangi ya zambarau.

Humphrey alipiga magoti. "Kifungueni hiki," alisema taratibu.

Tumainieli alikwenda mwenyewe kuleta bisibisi. Alizifungua skrubu, akakiinua kioo, akakigeuza. Humphrey alimwagia maji ule upande uliokuwa ndani, uliokuwa umegusana na picha. Maji yalitandaa, yakateremka, halikubaki hata tone.

Hapakuwa na haja ya kuutoa mfuko wa vielelezo. Careen alimkalisha kwenye ukingo wa kaburi la baba yake, akamweleza kwamba halazimiki kusema lolote, na kwamba atakalosema linaweza kutumika kama ushahidi.

"Nitasema," alisema Tumainieli. "Nimechoka nalo."

"Ulikichukua lini?"

"Siku ya msaragambo. Walipokwenda kula nilibaki nyuma. Nilikuwa na kioo cha mjomba kwenye gunia, na puti."

"Kioo cha mjomba kilikuwa na kasoro gani?"

"Hakina kasoro, afande. Kinashika vumbi."

Akaeleza, na wote wakamwacha aeleze. Mama yake alikuwa mtu wa usafi mpaka watu wakimtania. Hata bata wake walikuwa safi. Alipozikwa, Tumainieli alianza kufuta vumbi la jasi kwenye picha yake kila asubuhi kabla ya chai. Siku za biashara ya samaki alikuwa mbali, na akirudi alimkuta mama hana uso, ni unga mtupu. Krismasi iliyopita ndugu zake walikuja wakamkuta hivyo, na dada yake mkubwa alilia akasema basi mama ametupwa. Neno hilo halikumtoka. Kila alipokwenda kuteka maji aliviona vioo vya mtambo, viking'aa katikati ya vumbi la Makanya nzima. Akaona hicho ndicho kioo cha mama, akachukua kipimo chake kwa ile kamba ya mafundo.

"Kwa nini hukuomba?"

"Mtu anaombaje kioo cha maji ya watu? Nikasema nibadilishane. Cha mjomba ni kizito, ni kipya. Nilidhani kioo ni kioo, kasoro hiki kimefundishwa kukataa vumbi. Sikujua kwamba ndicho kinachosafisha maji. Haki ya Mungu sikujua, mpaka mlipofunga bomba."

"Na Rahabu alipotuhumiwa?"

Hapo aliinamisha kichwa. "Nilijua. Nikanyamaza. Hilo sina la kulijibia."

Humphrey aliuliza jambo moja tu, kwa nini aliuelekeza ndani upande wenye chembe, wakati vumbi liko nje. Tumainieli alimtazama kana kwamba msomi huyu hakulelewa na mtu.

"Si ndio upande mzuri? Niliona maji yanavyopita juu yake. Upande mzuri anapewa mama. Hata mkeka, ukimtandikia mkubwa, huwezi kumpa mgongo wa mkeka."

Hakuna aliyecheka. Tumainieli aliichukua ile picha iliyofifia, akaishika kwa ncha za vidole.

"Alianza kuondoka wiki ile ile," alisema. "Kila nikirudi kutoka Nyumba ya Mungu, amepungua. Nikajua amejua nimeiba. Nikajua amenikataa, hataki nimtazame usoni."

Alikuwa ameishi na jambo hilo mwezi mzima bila kumwambia mtu. Humphrey alivua miwani, akaifuta ingawa haikuwa chafu.

"Kaka, nisikilize. Zile chembe hazichagui. Zikipigwa na jua zinavunja rangi yoyote inayozigusa, na rangi ya picha ni chakula chao. Ungeweka picha yangu hapo ningefifia vivyo hivyo. Baba yako hakuguswa nazo, ndiyo maana bado ana tai."

"Kwa hiyo ni jua?"

"Ni jua na kioo changu. Mama yako hayumo kabisa."

Tumainieli aliuliza tena, na Humphrey akajibu tena, kwa maneno yale yale. Kisha mtu mzima huyo akavuta pumzi ndefu, na mabega yake yakashuka. Picha nyingine ilikuwepo kwenye simu ya dada yake. Ingechapishwa Same kwa siku moja.

Careen alimwambia kwamba maelezo yake atayaandikisha kituoni na jalada litafunguliwa, maana wizi ni wizi. Humphrey alisema mbele ya wote kwamba kioo chake kikirudi hatataka kesi iendelee, na Careen akajua mkuu wake angeridhika na onyo kali. Moyo wake ulikuwa mwepesi tena. Lakini jambo moja lilibaki, na hilo halikuwa la kituoni.

"Kabla ya Same," alisema, "tunapita bombani."

Watu walikuwa pale na ndoo zao, na Rahabu alikuwa ndani ya waya, peke yake, akifagia mahali palipokwisha kufagiliwa. Tumainieli aliingia amekumbatia kioo. Aliongea kwa sauti ya kusikika hadi barabarani. Alisema ni yeye, alitaja siku, alitaja sababu, na akasema Rahabu hakujua lolote na hakupokea hata senti. Mwanamke aliyesema habari za viatu vipya aliitazama ndoo yake kwa muda mrefu. Mwenyekiti wa kamati alikohoa, akasema ufunguo unabaki ulipo, kisha kwa kuwa watu waliendelea kumkodolea macho, akamwomba Rahabu radhi.

Humphrey alikipachika kioo. Maji yakafunguliwa yakateremka juu ya vioo vyote kumi na viwili, bila tone kusimama.

Tumainieli alimkaribia Rahabu. "Dada, nimekuchafulia jina nikakaa kimya. Sijui nikufanyie nini."

Rahabu alikuwa na hasira, na alikuwa na haki nayo, na kila mtu aliiona usoni mwake. Lakini aliposema, sauti haikuwa ya hasira.

"Kaka Tumainieli, mimi nikija huku napita kwenu kila asubuhi. Ungeniambia tu. Ningekuwa namfuta mama vumbi."

Tumainieli alifunika uso kwa mikono yake mipana, akalia mbele ya kijiji kizima, na polisi wakamsubiri.